Sumu ya Panya Dukani kwa Ba

Ilala, Dar es Salaam
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama huko Newala, wewe na Bibi na mdogo wangu Hashimu, na kwamba mguu wa Bibi umeacha kumsumbua akitembea. Msimu wa korosho unaendaje? Mimi na Mama Mdogo Somoe hatujambo. Tunakula, tunalala, na joto la huku tumeshalizoea, au tuseme limeshatuzoea sisi.

Ningekupigia simu, lakini simu ya Mama Mdogo hukata nikiwa bado kwenye salamu, na leo nina mengi. Mama, nina furaha mpaka jana nilichemsha chai nikasahau kutia majani. Tulikunywa maji ya moto yenye sukari, na Mama Mdogo hakunigombeza. Ukiona mdogo wako hagombezi, ujue kuna jambo.

Kwanza nikuambie alilokuficha. Usimkasirikie, hakutaka ukose usingizi. Unajua anauza kwenye duka la jumla la ndoo na mabeseni, Kariakoo. Mwenye duka ni mama wa Kihindi, mjane, na wafanyakazi wote wanamwita Ba, ambalo kwa Kigujarati ni mama. Ana mbia wake, Mzee Sunil. Wazee wake walitoka Sri Lanka, ila yeye amezaliwa hapa hapa mjini na Kiswahili cha Kariakoo anakijua kuliko mimi. Ba ni Mhindu, Mzee Sunil ni Mbudha, na kila mmoja ameshika dini yake kwelikweli. Jambo kubwa la duka haliamuliwi na mmoja bila mwenzake.

Sasa mwaka huu ndoo hazitoki. Maduka ya ndoo zile zile yamejaa mtaa mzima, kila mtu anashusha bei. Ba aliwaambia wafanyakazi wazi kwamba ikipita Diwali, sikukuu ambayo wafanyabiashara wa kwao huanza nayo mwaka mpya wa biashara, huenda akalazimika kupunguza watu. Mama Mdogo ndiye aliyeajiriwa mwisho. Chumba chetu, nauli yangu, sare yangu, vyote vinatoka kwenye mshahara wake. Akikosa kazi, mimi narudi nyumbani na kidato cha nne nakisikia kwa wenzangu. Hilo ndilo alilokuficha.

Bahati ikaja kupitia shuleni. Madamu wetu wa somo la biashara alitutaka kila mmoja amfuate kiongozi wa biashara mpaka amwone akiamua jambo gumu, kisha aje kulieleza mbele ya darasa. Wenzangu walikimbilia wajomba zao wenye maduka ya simu. Mimi nilimwomba Ba. Aliniangalia juu ya miwani akasema, "Utachoka, binti. Kuamua kwangu ni polepole." Nikamwambia sitachoka. Basi nikawa nashinda dukani kila Jumamosi, napanga mifuniko na kusikiliza, na jambo gumu likaja lenyewe.

Alikuja kijana amevaa tai, wakala wa kampuni inayoingiza sumu ya panya. Alitaka duka la Ba liwe msambazaji wake mkuu Kariakoo.

"Ba, ndoo mtu ananunua leo, anarudi mwaka kesho," alisema. "Panya anarudi kila siku."

Kaka Issa, anayebeba mizigo, akadakia, "Wa kwetu stoo hajawahi hata kuondoka."

Mama, ukutani juu ya droo ya fedha pana picha ya Ganesha, yule mwenye kichwa cha tembo ambaye Wahindu humwomba wanapoanza jambo jipya. Na miguuni pake amechorwa panya, kwa sababu panya ndiye kipando chake. Basi wakala anasifia jinsi panya anavyokauka bila harufu, na panya wa pichani anamtazama. Issa alinikonyeza, nikauma mdomo nisicheke. Ba hakucheka. Alisema, "Acha sampuli zako. Tutakujibu." Kijana akaacha boksi moja, akaenda zake akipiga mluzi kama mtu aliyeshinda.

Kuanzia hapo Ba na Mzee Sunil wakawa wanabishana kila wakinywa chai, nami nikawa nimekaa karibu nao kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Sumu ni sumu," alisema Mzee Sunil. "Kwetu tumefundishwa biashara ambazo mtu hatafutii riziki: silaha, kuuza watu, nyama, vileo na sumu. Sijaona palipoandikwa isipokuwa sumu ya panya."

"Mzee, ukizifunga hizo zote," Issa akasema, "Kariakoo tutabaki tunauza leso."

Ba alisubiri kicheko kiishe. "Na kwetu kutodhuru kiumbe ni jambo la kwanza, Sunil, hunifundishi. Lakini nikikataa, halafu nikamwachisha Somoe kazi, huko siyo kudhuru? Yeye na huyu binti nitawaambia nini? Kwamba nimemwonea huruma panya?"

Mama Mdogo alikuwa anapanga mabeseni, akajifanya hasikii. 

Usiwe na wasiwasi, Mama, sala zangu naswali kama ulivyonifundisha. Lakini nilipowasikiliza nilimkumbuka Bibi anavyouliza kila kitu kinachoingia jikoni kwake kimepatikana vipi. Wao wana dini mbili na sisi tuna yetu, na swali ni lile lile. Ba ananiambia kwao kila mtu ana wajibu wa nafasi aliyopewa, wanauita dharma, na wajibu wa mwenye duka unaanza kwa wanaomtegemea. Anasema mtu aufanye vizuri bila kuyang'ang'ania matunda yake. Nilimuuliza atajuaje wajibu upi ni mkubwa pale mambo mawili yanapogongana. Akasema, "Ndiyo maana nakunywa chai nyingi."

Sasa sikiliza kilichotokea Jumamosi iliyofuata.

Dukani kwa Ba kuna desturi. Mteja wa kwanza wa siku haondoki mikono mitupu. Hata kama fedha hazimtoshi, atapunguziwa mpaka achukue chochote. Mauzo hayo ya kwanza wanayaita boni, na fedha yake haiingii kwenye droo mpaka Ba aishike, aiguse machoni na kuomba siku iende vizuri. Wafanyakazi wote, Waislamu na Wakristo, wanaiheshimu desturi hiyo kuliko hata kengele ya kufunga.

Asubuhi ile Ba alikuwa bado yuko kwenye ibada zake. Mama Mdogo ndiye aliyefungua. Mteja wa kwanza akawa Mama Pili, mama lishe anayepika nyuma ya soko.

"Dada, nimesikia mmeletewa sumu ya panya."

"Bado hatuuzi, dada yangu."

"Na lile boksi ni la nini, biskuti?"

"Chukua ndoo nikupunguzie."

"Ndoo ninazo. Na panya ninao. Ninachokosa ni sumu." Akageuka, akaanza kuondoka.

Mama, ungeuona uso wa Mama Mdogo! Mteja wa kwanza anaondoka mikono mitupu, na biashara yenyewe ilivyo mbaya, na kazi yake ilivyo mashakani. Aliniangalia mimi, akaliangalia boksi, akaita, "Dada, rudi!" Akamuuzia pakiti moja ya sampuli.

Ba alipofika alizikuta noti juu ya meza. Akazichukua kama siku zote, akazigusa machoni, akafumba macho, akaomba. Alipofumbua akauliza, kwa furaha kabisa, "Haya, boni ya leo ni ya nini?"

Wote tukajishughulisha kupanga mabeseni. Hata Issa.

"Ya sumu, Ba," alisema Mama Mdogo. "Nisamehe. Alikuwa wa kwanza. Nilishindwa kumwacha aondoke."

Mkono wa Ba ulibaki hewani na zile noti. Nilijua kazi imekwisha. Nilianza kufikiria hata nitakavyofunga godoro langu. Lakini Ba akauliza, "Kanunua nani?"

"Mama Pili. Yule anayepika nyuma ya soko."

"Anayepika?" Ba alisimama. Alichukua ndoo mpya yenye mfuniko, akajitupia pindo la sari begani. "Somoe, twende. Na wewe mwanafunzi, si ulitaka kuona?"

Tukapita sokoni nusu tukikimbia. Ba mwenyewe ameshika ndoo, na wamachinga wanamjua. "Oyaa, Ba leo kaingia barabarani na sisi!" mmoja alipiga kelele. "Mama, hiyo ndoo bei gani?" Ba akamjibu bila kusimama, "Haiuzwi." "Basi nipe bure!" Watu wakacheka. Mama Mdogo peke yake hakucheka, alikuwa anatembea kama anayepelekwa kituoni.

Tulimkuta Mama Pili ameinama kwenye ubao wake. Alikuwa anakata nyanya vipande na kuvinyunyizia ile sumu, ili avitege nyuma ya magunia. Ubao ni ule ule wa kachumbari. Kisu ni kile kile.

"Dada," alisema Ba, akihema, "kisu hicho hicho?"

"Nitakiosha, Ba."

"Nirudishie hiyo pakiti. Fedha yako hii hapa, na ndoo hii nakupa, ufunikie mchele wako."

Mama Pili alijifuta mikono, akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Ndoo! Njoo nikuonyeshe ndoo." Akatoa ndoo kutoka chini ya meza. Nembo ya duka letu bado ilikuwa imebandikwa ubavuni, na chini panya walikuwa wametoboa tundu la kuingiza kidole. Mchele ukamwagika mbele yetu kidogokidogo. "Hii nilinunua kwako Ramadhani. Wanakula wao kwanza, kisha wateja wangu. Wewe una huruma na panya, Ba, sawa, ni dini yako. Na mimi nani ana huruma na mimi?"

Ba alichuchumaa pale pale, sari yake ikagusa tope. Akapitisha kidole kwenye lile tundu. Alikaa hivyo mpaka Mama Mdogo akataka kumwinua. Kisha akasema taratibu, "Hii ni kazi yangu."

Akaomba aichukue ndoo iliyotobolewa. Akaahidi kwamba Issa ataleta sanduku la bati kutoka stoo, lile ambalo Ba huhifadhia vitambaa vya sikukuu, mchele ukae humo. Mama Pili akamkabidhi sumu pamoja na vipande vyote vya nyanya kwenye mfuko, akasema, "Nakuamini mpaka Ijumaa. Panya wakiingia kwenye hilo sanduku, nahamia kulala dukani kwako na sufuria zangu."

Ijumaa ilipofika tulisikia kuwa panya walikwaruza bati mpaka wakachoka.

Basi kesho yake, Jumamosi ya wiki iliyopita, Ba alifunga mlango wa duka mchana, jambo ambalo sijawahi kuliona, akatuketisha wote. Ile ndoo iliyotobolewa aliiweka katikati. Mzee Sunil akasema kabla ya maneno tukae kimya kidogo, kila mtu aangalie moyo wake unataka nini na kwa nini. Tukakaa. Tumbo la Issa likanguruma kwa sauti. Mzee Sunil, macho yake yakiwa bado yamefumbwa, akasema, "Tumesikia unachotaka, Issa."

Tulipomaliza kucheka Ba akaongea. Alisema wiki zote hizi amekuwa akijiuliza swali aliloletewa na wakala, auze sumu au asiuze, na swali lake halisi lilikuwa limekaa chini ya meza ya Mama Pili. Amekuwa akiwauzia watu wenye panya ndoo inayotobolewa na panya. Asiyetaka kuua panya, alisema, hana haki ya kumwacha mama lishe apambane peke yake. Mzee Sunil akasema hapo sasa anaiona njia ya katikati: siyo kuua, wala siyo kukunja mikono.

Kisha wakatoa uamuzi, Mama, na nilikuwepo! Sumu hawaichukui. Badala yake watatengeneza mapipa ya bati ya kuhifadhia nafaka, yenye mfuniko wa kubana, kwa fundi bati mmoja wa hapa Ilala. Mpaka biashara ya mapipa isimame, Ba na Mzee Sunil watapunguza kwanza wanachochukua wao wenyewe kabla ya kumgusa mfanyakazi yeyote. Na atakayesimamia mapipa, kutoka kwa fundi mpaka kwa mteja, ni Somoe.

Mama Mdogo alisimama. "Ba, mimi ndiye niliyeuza ile sumu."

"Ndiyo. Uliuza kwa kufuata desturi yangu, nami sikuwahi kukuambia ikigongana na nyingine ufanyeje. Kosa hilo tugawane. Kuanzia leo, mteja wa kwanza akitaka kitu kibaya, mpe chai. Hapo hajaondoka mikono mitupu."

"Na maandazi?" aliuliza Issa.

"Mteja, Issa. Siyo wewe."

Sitaki ufikiri kila kitu kimekuwa sukari. Wakala alipojibiwa alisema, "Ba, jirani yako ataichukua," na kweli jirani ameichukua. Tulipokuwa tunafunga jana kulikuwa na foleni mlangoni kwake na kwetu mtu mmoja anauliza njia. Ba aliiangalia foleni ile muda mrefu. Nilimuuliza kama inamuuma. Akasema inamuuma sana, na kwamba hajaambiwa popote kuwa ukifanya sawa hutaumia. Pia hakutudanganya: ikifika Ramadhani na mapipa hayatoki, tutakaa tena na suala la kupunguza watu litarudi. Kwa hiyo bado sijui. Lakini sasa najua kwamba wanaoamua wametuona.

Nilimsumbua na Mzee Sunil pia. Mfuniko ukibana, nilimwambia, dumuzi walio ndani ya mahindi watakosa hewa wafe, je, hiyo siyo kuua? Alikuna kichwa. Akaniuliza, "Unapofunga mfuniko nia yako ni nini?" Nikasema kutunza chakula. Akasema kwa Wabudha nia ina uzito mkubwa, ila yeye mwenyewe hilo la dumuzi hajamaliza kulifikiria, na nikipata jibu nimwambie. Mama, mtu mzima, mwenye duka, ananiambia mimi nikipata jibu nimwambie! Jumatatu nitalieleza lote mbele ya darasa. Najua kuna mmoja atacheka kwamba Ba amekosa faida kwa ajili ya panya. Nimeshaandaa jibu, na linaanza na ile ndoo.

Mzigo uliofika na barua hii ni mojawapo ya mapipa ya kwanza, ambayo fundi ameyamaliza wiki hii. Jingine amepewa Mama Pili. Nilimuuliza Ba kwa nini hili lije kwako. Akasema, "Kwenu mahindi yanakaa miezi mingi, na mama yako hanijui, kwa hiyo hataniogopa." Litie mahindi yaliyobaki, ulikalishe mahali ambapo panya wanapita, siyo pale pazuri. Bibi ajaribu kufungua mfuniko kwa mikono yake, kwa sababu wanaonunua si vijana peke yao.

Na sasa nakuomba jambo gumu. Mama Mdogo alisema kwa utani tukuombe ulisifie kidogo, tukacheka wote wawili, lakini kila mmoja alikuwa ameshaliwaza kimoyomoyo. Tafadhali usifanye hivyo. Likipinda, likishika kutu, panya wakipata upenyo, mahindi yakivunda, sema vile vile ilivyo, hata kama unajua nini kitanipata mimi. Nataka kumaliza shule, Mama. Nataka kuliko kitu chochote. Lakini sitaki kusomeshwa na pipa ambalo mtu mwingine atalinunua, alifunike, alale akidhani chakula chake kipo.

Msalimie Bibi, na umwambie namwombea mguu wake. Msalimie Mjomba Hamisi na wote wanaookota korosho pamoja naye. Mwambie shangazi kwamba kanga yake nimeiona dukani, bado hatujainunua. Hashimu mwambie asijifiche ndani ya pipa, maana mfuniko unabana kweli, hapo sitanii. Mama Mdogo anakusalimu mno. Ameanza kutembea na rula mkobani akipima mapipa.

Usinionee huruma, Mama. Niambie kweli.

Binti yako anayekupenda,
Zuhura